Kutoka Wolfsburg hadi Verona: Njia ya Likizo na Njia ya Vibarua

Treni ya kasi kutoka Berlin huchukua kama saa moja kufika Wolfsburg, na hujashuka bado unajua umefika mji wa nani. Ng'ambo ya mfereji, mkabala na kituo, kuna kiwanda cha matofali chenye mabomba manne ya moshi na nembo kubwa ya Volkswagen ukutani, nacho kimenyooka mpaka jicho linachoka. Katikati ya mji hukuti mtaa wa kale kama miji mingine ya Kijerumani. Mji huu ulianzishwa 1938 ili wafanyakazi wa kiwanda wapate pa kulala.

Ilikuwa Mei 2018. Nilitaka kuona kilichobaki cha miaka ya 1950, ile miaka ambayo Ujerumani Magharibi, iliyotoka vitani ikiwa vifusi, ilijikuta ina friji, gari na likizo. Mwenyeji wangu alikuwa mama mkwe wa rafiki yangu mmoja wa Tanga aliyeolewa huko. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mama," aliitikia "Marahaba" bila kusita. Mkwewe kamfunza vizuri.

Baada ya chai alitoa daftari la matumizi la marehemu mama yake. Jalada lilikuwa la buluu, hesabu zimeandikwa kwa penseli, kila Jumamosi ina mstari wake wa jumla. Ukurasa wa 1949 ni viazi, majarini, makaa ya mawe, basi. Mbele kidogo inaingia siagi. Halafu robo kilo ya kahawa halisi, si ile ya mizizi iliyokaangwa, nayo imepigiwa mistari miwili chini kama vile ni harusi. Kisha vitambaa na viatu. Kisha sofa na meza. Mwaka 1957 inaanza "friji", kila mwezi kiasi kilekile, maana ilikopwa. Kufikia 1959 kuna petroli, na neno Rimini, mji wa pwani ya Italia.

Wanahistoria wa nchi ile huyapanga mabadiliko hayo kwa utaratibu huohuo: kwanza watu walikula, wakavaa, wakapamba nyumba, ndipo wakasafiri. Aliyewahi kupanga foleni ya sukari na sabuni Tanzania miaka ya 1980 haitaji kuelezwa kwa nini tumbo lilitangulia.

Mama alikuwa na maelezo yake mafupi: kazi, kazi, kazi. Mimi sikukubali moja kwa moja. Kazi walifanya, lakini Juni 1948 serikali za kijeshi za Wamarekani, Waingereza na Wafaransa waliokuwa wakiitawala nchi zilileta sarafu mpya, kila mtu akapewa marki 40 za kuanzia, na kesho yake madirisha ya maduka yakajaa bidhaa ambazo zilikuwa zimefichwa maghalani. Zikaja fedha za Mpango wa Marshall, msaada wa Marekani wa kuijenga upya Ulaya. Mwaka 1953, mjini London, wadai walikubali kufuta karibu nusu ya madeni ya nje ya nchi hiyo. (Sisi tulioimba miaka nenda rudi kuhusu kufutiwa madeni tungefaa kuusoma mkataba ule kwa miwani.) Na kulikuwa na wakimbizi, Wajerumani mamilioni kwa mamilioni waliofukuzwa mashariki, wakiwa tayari kufanya kazi yoyote. Baba yake Mama alikuwa mmoja wao.

Nikamuuliza mama yake yeye alifanya kazi gani. Alishona, akasema, lakini nyumbani. Mpaka katikati ya 1958 sheria ilimruhusu mume, kwa idhini ya mahakama, kuvunja mkataba wa kazi wa mkewe. Friji iliingia nyumbani mwaka mmoja kabla ya haki hiyo ya mume kuondolewa. "Baba hakuwa mkali," alisema, "ila alipenda kukuta chakula mezani." Tukacheka wote, yeye zaidi.

Asubuhi alinipeleka jumba la makumbusho ya magari, jirani na kiwanda. Humo kuna Beetle, ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa mviringo, ya milioni moja, iliyotoka Agosti 5, 1955. Imepakwa rangi ya dhahabu na bampa zake zimepachikwa vito vya bandia. Kusema kweli ni gari la kujionyesha, na yule aliyekuwa bado analipia sofa sijui aliliangaliaje. Mama alinisimulia na habari ya waliodhulumiwa: kabla ya vita watu wapatao 336,000 walijiunga na mpango wa Wanazi wa kuweka akiba ya marki 5 kwa wiki ili wapate gari hilohilo. Ulikuwa upatu ambao zamu haikumfikia hata mmoja. Kesi yao na kampuni ilimalizika 1961, wakaambulia punguzo la bei.

Ndani ya eneo la kiwanda kuna handaki la kujikinga na mabomu ambalo tangu 1999 ni mahali pa kumbukumbu ya waliofanyishwa kazi kwa nguvu wakati wa vita: Wapoland, Warusi, Wafaransa, Wayahudi waliotolewa kambini. Na Waitaliano, wanajeshi walionyang'anywa silaha 1943 Italia ilipojitoa upande wa Hitler. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko kwenye dhahabu. Waitaliano wamekuja Wolfsburg mara tatu. Mwaka 1938 waliletwa na Mussolini, mtawala wao, kujenga. Mwaka 1943 walikuja wakiwa mateka. Mwaka 1962 walikuja kwa mkataba, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeishiwa watu wa kuajiri, wakawekwa kwenye mabanda ya mbao yenye uzio. Mabanda si kitu kigeni katika mji huu. Mama mwenyewe alizaliwa upya, kama anavyosema, katika banda ambalo miaka michache nyuma lililaza vibarua wa vita. Nani alilala pale kabla yao, nyumbani kwao hapakuulizwa. Palizungumzwa siagi.

Nikaamua kuifuata ile Rimini ya kwenye daftari, angalau nusu ya njia. Nililala München, na kesho yake kabla ya kuondoka nikaenda kuangalia jukwaa namba 11 la kituo kikuu. Hapo ndipo treni za vibarua kutoka kusini zilikuwa zikiingia, na watu wakashushwa kwenye handaki la zamani chini ya kituo, wakapewa chakula na kugawiwa kwa waajiri. Siku hiyo palikuwa na wanafunzi na mabegi yao.

Kupanda Brenner, njia ya mlimani kati ya Austria na Italia, treni inapinda polepole katikati ya milima mpaka mita 1,370 na ushei juu ya bahari. Barabara iko jirani muda wote. Huku ndiko Beetle zilikokuwa zikishuka kiangazi, mizigo imefungwa juu ya paa, familia inaenda kuona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Na kwenye reli hii vijana wa Calabria na Sicilia, kusini mwa Italia, walikuwa wakipanda kwenda upande wa pili. Waliokuwa wakisafiri kwa raha na waliokuwa wakisafiri kwa shida walipishana mlima mmoja.

Mkabala nami alikaa mzee wa Kiitaliano, koti zuri, Kijerumani cha haraka kuliko changu cha kujifunzia Dar es Salaam. Nilipotaja Wolfsburg alishtuka. Alifika huko 1962 akiwa na miaka 19. Verona, mji wa kaskazini mwa Italia, alisema, ndipo ilipokuwa tume ya Wajerumani ya kuchagua watu. Walipigwa eksirei, wakapimwa mkojo, wakaangaliwa meno na mikono. "Meno!" alirudia, akafungua mdomo kunionyesha kwamba bado yapo. Mshahara wa kwanza alinunua suti, akapiga nayo picha kando ya gari la mtu mwingine, akaituma kwa mama yake. Novemba mwaka huohuo walifanya mgomo kule kwenye mabanda, polisi wakaitwa. Alikaa miaka 31.

Aliniuliza kama kwetu Volkswagen zile zinajulikana. Nikamwambia si kujulikana tu: zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki 1954, zikashinda 1957, na tena 1962, kwenye matope ambayo magari ya bei kubwa yalikwama.

"Sitini na mbili?" alisema. "Basi milango yake huenda niliifunga mimi." Na mpaka tunaingia Verona alikuwa bado ananihoji: dereva alikuwa nani, matope yalikuwa marefu kiasi gani, milango ilishika?