Rafu ya kambini ni ya nani hasa?

Watu wakiskia duka la jeshi wanafikiria bei tu, ati huko mchele rahisi, sukari rahisi, kila mtu ana shemeji afande wa kumtuma. Sawa, lakini ushawahi kujiuliza nani anaipanga hiyo sukari kwenye rafu? Mimi nimefanya kazi ya machandaiza, yani mtu wa msambazaji anayepanga bidhaa kwenye rafu, hapa Mombasa miaka mingi, saa hii nasimamia vijana wanaoifanya, na juzi nlikua nasoma vile maduka ya chakula ya jeshi la Marekani yanavyoendeshwa, nkaona kumbe shida ni ile ile yetu, wao wameifanya kubwa tu.

Kule wanayaita commissary. Yako zaidi ya 200, Marekani na nchi za nje wanakokaa wanajeshi wao, na tangu 1991 yote yako chini ya idara moja yenye makao makuu Virginia. Mwanajeshi na familia yake wananunua kwa bei ya chini, halafu pale kaunta wanaongezewa asilimia 5 ambayo kisheria inaenda kujenga na kukarabati maduka. Yani hakuna faida nono ya kuchezea kama supamaketi ya mtaani, kwa hivyo sehemu ya kazi ya kujaza rafu inaachiwa wasambazaji wenyewe. Kampuni ya sabuni inaleta mtu wake, ama inalipa wakala alete watu, wanafungua katoni, wanapanga, wanaenda zao. Duka halitoi hata ndururu.

Raha, si ndio? Shida ni kwamba hiyo ndururu imetoka mahali, aghalabu imejificha ndani ya bei ya katoni, na mtu asiyelipwa na duka hamwogopi meneja wa duka. Anamwogopa supavaiza wake, yani mtu kama mimi, na mimi nataka nini? Nataka bidhaa yangu ionekane, ya jirani ikisongeshwa kule pembeni chini karibu na ndoo shauri yake. Bila mwenyewe, hiyo rafu ni shamba la urithi lisilo na hati, kila ndugu analima kipande chake na wa katikati hakuna.

Huku kwetu hata maduka ya kiraia yameshagombana kwa hili. 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kesi ya Carrefour na msambazaji mdogo wa yogati, kampuni ya Orchards, na miongoni mwa yaliyokataliwa ni kumbebesha msambazaji mzigo wa kuweka wafanyakazi wake kwenye matawi. Kwa wakubwa mtu mmoja wa kupanga si kitu, lakini wewe una yogati aina mbili tatu, utamlipa kijana asimame hapo mchana kutwa kwa faida gani?

Sasa ongeza geti. Hapa ndo duka la kambini linaachana kabisa na supamaketi, na watu wa ofisini hawalielewi. Kijana wangu ana ruti, asubuhi yuko mjini, halafu aende Nyali, halafu avuke feri aende upande wa Likoni, na kila mahali anatarajiwa kabla ya saa fulani. Supamaketi anaingia mlango wa nyuma, anasaini kitabu, anaanza kazi. Kambini afande anamuuliza kitambulisho, barua kutoka kampuni, anatafuta jina kwenye orodha, jina halipo sababu orodha ni ya kijana wa zamani aliyeacha kazi, "ngoja hapo kando kijana", simu inapigwa ndani, mwenye kupokea ameenda chai. Afande hana makosa hata kidogo, ile ni kambi si soko la Kongowea. Lakini matokeo yake ni kwamba supavaiza yeyote mwenye akili anaiweka kambi mwisho wa ruti, na siku ikibana anairuka. Ndo maana unakuta rafu zina mapengo mwisho wa mwezi, wakati mishahara imeingia na watu wamejaa na maboksi.

Na hapa nataka tuelewane: rafu tupu zina sababu mbili na watu wanazichanganya. Kuna tupu ya stoo tupu, hiyo ni oda, machandaiza hausiki. Na kuna tupu ya stoo kujaa. Hii ya pili ndo inaniuma. Kuna duka moja nliingia, silitaji, mama mmoja anatafuta unga wa mandazi, rafu imebaki kibao cha bei peke yake, anaambiwa umeisha. Nkaenda nyuma stoo. Unga uko, katoni kibao, umewekwa chini kabisa ukutani, juu yake sabuni ya unga ya kampuni nyingine imerundikwa mpaka karibu na feni, na mwenye sabuni haji mpaka wiki ijayo na mtu wa duka anasema yeye hagusi mali ya msambazaji. Katoni za chini zimeshaanza kulainika na lile joto la jasho la stoo zetu za Pwani, na kwa pembeni waona za tarehe ya mbali ndo ziko mbele, za tarehe ya karibu zimezikwa. Mama ameshaenda dukani kwa Mpemba.

Mi naona dawa si kuwafukuza wasambazaji, duka halina hiyo bajeti na litaishia kupandisha bei. Dawa ni duka kuchukua hesabu. Mtu wa duka, mwenye jina, anapita rafu zake asubuhi kabla ya kufungua, anaandika pengo na anaandika kama stoo kuna mali au hakuna, anapiga picha anatuma kwenye grupu la WhatsApp la wasambazaji. Basi. Hapo hakuna wa kumrushia mwenzake, kama stoo ina mali na saa nane bado pengo, tunajua ni kijana wa nani. Na huyo mtu wa duka apewe ruhusa ya kugusa katoni ya yeyote, hili la "sigusi" life kabisa.

Geti nalo, orodha ya majina iwe ya mwezi, ikaguliwe mapema, kijana akiacha kazi mimi ndo nilazimishwe kupeleka jina jipya kabla hajatumwa mtu. Wasambazaji wadogo waruhusiwe kuchanga walipe machandaiza mmoja awapangie wote, kwa zamu ya siku zinazojulikana, na siku mbili kabla ya mshahara iwe lazima.

Mkate na maziwa msiviguse lakini. Gari la mkate laja kila asubuhi, dereva na tanboi wake wanapanga wenyewe na kurudisha vya jana, hiyo inafanya kazi vizuri tangu zamani.