Nilivyorudia wali wa nazi bila sukari kupaa

Tangu niambiwe nina kisukari aina ya pili, hapa Ngamiani kila mtu amekuwa daktari wangu. Jirani mmoja alinishikilia: "Kaka, wali achana nao, kula dona, dona halina sukari." Nikala dona usiku, dagaa nikawamalizia mwisho. Baada ya saa mbili nikatoboa kidole, nikagusisha kijiti cha kupimia sukari, mashine ikaandika 13.4 (mmol/L), yaani sukari imepaa. Dona nalo ni wanga, jamani! Anayetoa ushauri hatoboi kidole, na vijiti vyenyewe si bei ya karanga.

Nesi wa kliniki ndiye aliyenipa njia: protini itangulie. Samaki akifika utumbo mdogo anavunjwavunjwa kuwa asidi amino. Chembe za ukuta wa utumbo zikizihisi, zinamwaga homoni kwenye damu, GLP-1 na GIP, zinazolihimiza kongosho litoe insulini, homoni inayoshusha sukari. GLP-1 pia inalifanya tumbo literemshe chakula polepole. Asidi amino zenyewe, kama lusini na arginini, hulichochea kongosho moja kwa moja. Wali ukija, insulini imeshaanza kazi. Marekani walilipima jambo hili, wakachapisha mwaka 2015: wagonjwa waliokula kuku na mboga kwanza, kisha mkate na juisi dakika 15 baadaye, sukari yao ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi kuliko walipoanza na mkate.

Nyumbani ikawa rahisi. Mama watoto ananiletea samaki changu na mchicha, wali unabaki chini ya kawa.

Kazi ilikuwa harusini, kwenye sinia. Pilau imepanda kilima, nyama juu, watu sita mmeizunguka. Nikagundua hakuna anayekukataza kuanza na nyama iliyo upande wako. Naivuta, naichambua taratibu, natafuna na kachumbari, naulizia habari za Pangani, nasifia mpishi. Ninapogusa pilau wenzangu wako katikati ya sinia, na kidogo kinanitosha. Nikipima usiku naona 8 au 9. Nafurahi mno!

Si lazima changu. Dagaa, mayai, kunde, mtindi, vyote vina asidi amino. Metformini, dawa yangu ya kisukari, sijaiacha hata siku moja. Mwenye figo mbovu amuulize daktari kwanza kiasi cha protini, na anayechoma insulini apime mara kwa mara, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.