Mota ya Pampu Iliyokuwa Ikizimika Yenyewe
Kwa muda wa wiki mbili, mota ya pampu ya bwawa langu la kuogelea ilikuwa ikifanya kazi kwa takriban dakika 40, kisha inazimika, na baada ya kupoa inawaka tena kana kwamba hapakuwa na tatizo. Nilidhani imeungua, lakini mota iliyoungua haifufuki; iliyokuwa ikiikata ni swichi ya ndani ya kuikinga na joto, nayo ilikuwa ikitimiza wajibu wake.

Nilizima umeme, nikasafisha matundu ya hewa yaliyozibwa na majani makavu, kisha nikazungusha shafti kwa mkono, ikazunguka kwa wepesi bila kukwaruza. Nafuu ilikuwa ndogo. Ndipo fundi umeme alipopima volti kwenye mota pampu ikiwa inafanya kazi (jambo ambalo sikuthubutu kulifanya mwenyewe), akakuta 201, ilhali kwenye swichi kuu zilikuwa 228. Waya uliotoka hapo ulikuwa mwembamba mno kwa umbali wake, na kiungo kimoja kilikuwa kimelegea na kuanza kuungua. Volti zikipungua, mota ya aina hii huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ileile, na joto lake hupanda.

Tulibadilisha waya na kukaza viungo, na sasa pampu hufanya kazi kwa saa 8 mfululizo. Ganda la mota bado huwa na joto kali mkononi, lakini hilo ni la kawaida.