Popo wa Kidike

Jana adhuhuri nilisimama chini ya miti ya Kidike, hapa Pemba, nikamtazama popo aliyening'inia kichwa chini, manyoya yake ya rangi ya kutu, akijipepea taratibu kwa ubawa mmoja. Popo huyu mkubwa hapatikani kwingine kokote duniani. Kwa kuwindwa kwa ajili ya kitoweo na kwa kukatwa misitu anamolala, mwishoni mwa miaka ya 1980 alikaribia kutoweka kabisa; wanakijiji walipokubali kumlinda, idadi yake ilipanda, na hesabu za miaka ya 2000 zikaonyesha takriban popo 20,000. Nawashukuru kwa dhati. Usiku hula maembe na kuyu, na mbegu huzidondosha mbali, pasipofika mkono wa mpandaji.