Buick LeSabre yangu ya 2002

Huku Minnesota sasa hivi kila mtu anataka SUV, sawa, lakini mimi Buick LeSabre, ile saluni kubwa ya Kimarekani, nitaitetea hadi kesho. Yangu ilikuwa ya 2002, rangi ya maziwa, nilinunua kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amefiwa na mumewe, na ndani ya kidroo cha dashibodi nikakuta kijitabu ambacho marehemu alikuwa anaandika kila akibadilisha oili, tarehe, maili, yote kwa kalamu ya wino, mwandiko umenyooka kama wa karani wa mahakama. Nikaendelea kuandika pale alipoachia.

Sasa kiti cha mbele ndio ilikuwa siri yake. Ni kiti kirefu, gia iko kwenye usukani vile zile Peugeot 404 za wazee wetu zilikuwa, na ile sehemu ya kuegemeza mkono ukiiinua panatokea nafasi ya mtu wa tatu na mkanda wake. Kwa hivyo watu sita halali kabisa, na hakuna anayekalia mwenzake. Tukienda zamu ya usiku kule nyumba ya wazee tulikuwa tunajaa humo, wengine bado na unifomu za kazi ya mchana, mmoja analala, mmoja anapigia watoto Eldoret kwa sababu kule kumeshapambazuka. Mgeni akifika eapoti na bibi na mtoto na yale masanduku ya kilo 23, buti inameza yote na bado makoti tuliyowabebea yanapata mahali. Watu wangapi walianza maisha ya huku ndani ya hiyo gari!

Injini ni V6, yaani silinda sita, ya lita 3.8, mafundi wanaiita tu 3800, nguvu ya farasi 205, General Motors, wenye Buick, waliacha kuitengeneza 2008, LeSabre yenyewe iliisha 2005. Plagi tatu za mbele unazifikia umesimama tu, zile tatu za nyuma ndio zinataka mkono mwembamba na uvumilivu. Tukienda Chicago ilikuwa inateleza barabarani mtoto analala mpaka tunafika, na mafuta haili ovyo. Januari ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri inawaka, na kwa sababu tairi za mbele ndizo zinavuta na injini imezikalia, theluji haikuwa inaisumbua sana.

Kilichoimaliza ni chumvi wanayomwaga barabarani kila winta. Fundi wetu, Mkisii mmoja mpole sana, aliiinua juu akachukua bisibisi akagusa chuma cha chini, bisibisi ikaingia mpaka mpini, akaniangalia tu. Bomba za breki nazo zilikuwa zimeoza. Injini bado nzima jamani! Niliumia sana siku hiyo. Na kuipeleka nyumbani haiwezekani, Kenya usukani wa kushoto hawasajili, na gari ikipita miaka 8 ndio kabisa.

Saa hii natafuta nyingine, lazima itoke Arizona au Texas huko chini ambapo haijaonja chumvi, na lazima iwe na kile kiti kirefu, bila hicho siitaki. Ikipatikana hata leo usiku, nachukua basi naifuata.