Nilivyojifunza kuipunguza sauti ya kimoyomoyo bila kupoteza maana

Nilianza kwa kosa: nilitaka kuiua. Wanaouza mafunzo ya kusoma haraka husema kwamba sauti inayokusomea kichwani ndiyo inayokuchelewesha, uinyamazishe tu na utaruka kurasa. Haikubali kufa. Na ukiibana sana, unachoruka ni maana, si kurasa. Kilichowezekana ni kuipandisha na kuishusha kulingana na ninachosoma, na hata hilo lilichukua wiki sita.

Kwanza tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya: midomo inayocheza, misuli ya koo inayofanya kazi, na sauti inayosikika kichwani peke yake. Kwa midomo, bana penseli kati ya midomo (si kwa meno) usome nusu ukurasa. Ikitikisika, unatamka. Kwa koo, weka vidole viwili juu ya kikoromeo, usome maandishi magumu, maana kwenye maandishi mepesi huenda usihisi chochote. Mwaka 1966 watafiti Hardyck, Petrinovich na Ellsworth waliwawekea wasomaji vihisio kooni, kisha wakawasikilizisha kelele kila misuli ilipoanza kufanya kazi. Kikao kimoja kiliwatosha kuiacha tabia hiyo. Mimi sikuwa na mashine, nilitumia vidole hivyo hivyo, dakika 10 kwa siku, siku tano. Koo lilitulia. Sauti ya kichwani haikutikisika hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua kwamba hayo ni mambo tofauti.

Kabla ya kubadilisha chochote, jipime. Hesabu maneno ya mistari 10, ugawe kwa 10 upate wastani wa mstari. Tega saa dakika 3, soma kwa mwendo wako wa kawaida, zidisha mistari uliyosoma kwa wastani huo, kisha gawa kwa 3. Funga kitabu na ujibu maswali 10 ambayo mtu mwingine amekutungia kutokana na kipande hicho. Usijitungie mwenyewe, utauliza unachokumbuka tu. Kasi bila alama za maswali haina maana yoyote.

Usijilinganishe na takwimu za Kiingereza. Mtafiti Marc Brysbaert alikusanya tafiti nyingi mwaka 2019 akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika katika kusoma kimya maandishi yasiyo ya kubuni, na 183 katika kusoma kwa sauti. “Hatukuwaambia” kwetu ni neno moja, kwao ni maneno matano. Hata hivyo pengo kati ya namba hizo mbili linafundisha jambo: sauti ya ndani haifungwi na ulimi. Inakatiza silabi, inameza viunganishi, inakimbia kuliko mdomo unavyoweza. Mimi nilianza na maneno kama 150 nikaishia karibu 190 kwa habari nyepesi. Kwa mikataba sikusogea, na sitaki kusogea.

Zoezi lililonisaidia ni la kalamu. Chukua ukurasa uliochapwa, weka vistari vidogo vya penseli kila baada ya kikundi cha maneno mawili au matatu yanayokwenda pamoja: “wanafunzi wa kwanza / walipofika darasani / hawakumkuta mwalimu.” Kisha pitisha kifuniko cha kalamu chini ya mstari, mwendo mmoja bila kusimama, macho yakitua mara moja tu kwa kila kikundi. Sauti itaanza kutamka neno zito na kuyaacha “ya”, “wa” na “kwa” yapite kimya. Fanya dakika 15, kurasa mbili au tatu, kila siku. Wiki ya tatu acha vistari, ubaki na kifuniko. Ukikimbiza kifuniko kuliko macho, utabaki unatazama wino bila kusoma. Rudisha mwendo mpaka maswali yarudi kuwa 8 kati ya 10.

Watu wengi pia hufundishwa kuhesabu “moja, mbili, tatu, nne” mdomoni wakati wa kusoma ili sauti ikose nafasi. Wanasaikolojia wanaitumia mbinu hiyo kuchunguza kumbukumbu ya muda mfupi. Wawili kati yao, Baddeley na Hitch, walieleza mwaka 1974 kumbukumbu ya kazi, yaani ile inayoshikilia mambo huku ukiyafanyia kazi. Mbinu ya kuhesabu itumie kama kipimo, usiisomee. Ukisoma aya nyepesi huku unahesabu, utaelewa. Ukisoma maelekezo yenye hatua sita kwa mpangilio, mpangilio utavurugika, kwa sababu sauti ndiyo iliyokuwa ikishikilia hatua ya kwanza wakati macho yako kwenye ya nne. Muziki wenye maneno hufanya uharibifu wa aina hiyo hiyo.

Sasa hatari yenyewe, na kwa msomaji wa Kiswahili ni kubwa. Ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa kitenzi, na mara nyingine ni herufi moja tu. “Atalipa” na “hatalipa” zinatofautiana kwa h. Sauti ikishushwa, jicho linatambua umbo la neno na h inapotea, unaondoka na habari iliyo kinyume. Maswali niliyokosa mengi yalikuwa ya namna hiyo. Dawa yake ni kuelekeza macho kwenye mwanzo wa kitenzi, si katikati, na kuiacha sauti itamke silabi ya kwanza waziwazi hata kama inameza zilizobaki.

Kuna na mkazo. “Barabara” yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia; mkazo ukirudi nyuma silabi moja, ni sawasawa kabisa. Maandishi ni yale yale, sauti ndiyo inayoamua. Tena swali letu la ndiyo au hapana halibadilishi mpangilio wa maneno: “Mmemaliza kazi yote mliyopewa jana?” unaisoma kama taarifa mpaka uikute alama mwishoni, kisha sauti inarudi kuipandisha. Siku hizi nikiona sentensi ndefu kwenye mazungumzo, natupa jicho mwishoni kwanza.

Kwa hiyo naipandisha sauti kwenye mikataba, maelekezo ya dawa, namba (kwa mafungu ya tatu tatu), kusahihisha maandishi yangu, na ushairi. Shairi la mizani 8 kwa 8 likisomwa kwa macho tu halina vina wala mizani, ni orodha ya maneno. Naishusha kwenye habari, barua pepe ndefu, na sura ninayoirudia.

Kitu kimoja hakishuki kwangu kwa mbinu yoyote: ujumbe wa mtu ninayemfahamu. Unasomwa kwa sauti yake, pamoja na ukali ambao pengine hakuuandika. Huo naurudia mara ya pili kwa kifuniko cha kalamu, kikundi kwa kikundi, ndipo ninapojibu.