Punje za mchele ndani ya Mjerumani

Jumapili, usiku.

Leo ndiyo nimemfungua Mjerumani. Wiki tatu amekaa ukumbini kajifunika kanga mbovu, na kila mgeni anayeingia anauliza hilo friji dogo ni la nini. Si friji. Ni mashine ya kufulia, WM 66, ya kiwanda cha Schwarzenberg, Ujerumani Mashariki ya zamani. Hiyo 66 ni mwaka zilipoanza kutengenezwa. Bati jeupe, kifuniko juu, mota, hita na taimu. Haikamui. Inazungusha maji na nguo, basi. Kukamua ni mikono yako.

Imefikaje Unguja? Anayeuliza hivyo hajapita Kikwajuni. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Zanzibar ilikuwa nchi ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wale wakaja na wahandisi wao na walimu wao, zikajengwa nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani, kisha ikaja mipango ya Michenzani. Lakini mtu hasafiri na ramani peke yake. Wengine walikuja na familia na vyombo vya ndani, na mimi leo nafaidi.

Huyu nimempata kwa bibi mmoja anayekaa jirani na shangazi yangu. Mumewe, Mungu amrehemu, alifanya kazi na mafundi wa Kijerumani, na mmoja wao alipoondoka akamwachia mashine. "Mwanangu, chukua," aliniambia, "lakini uje na watu wa kuishusha. Ghorofa ya tatu hii, na magoti yangu ndiyo haya." Nilimtolea pesa akakataa. Alitaka kitu kimoja tu, pipa la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Nikampelekea siku ya pili, wala sikuuliza la nini.

Nyumbani Mjerumani kakuta wenzake watatu. Yupo Hoover wa matangi mawili, aliyetoka Merthyr Tydfil kule Wales, kwenye kiwanda kilichofunguliwa 1948 na kuacha kutengeneza mashine za kufulia 2009. Huyu nampenda kwa kazi. Tangi moja linafua, la pili linakamua, na maji ya povu yanayokamuliwa yanarudi tangi la kwanza. Kwa mtaa kama wetu, ambao maji yanakuja saa nane za usiku kama mwizi, hilo si jambo dogo. Maji yale yale yanafua kanzu nyeupe, kisha nguo za rangi, kisha matambara ya jikoni. Mama alikuwa akifanya hivyo hivyo kwa beseni na sabuni ya mche, na sidhani kama kuna mtu wa Wales aliyemfundisha.

Wa pili ni mdogo, wa roli za kukamulia kwa mkono. Mpini umekatika, sijamfanyia kitu.

Wa tatu ni Mjapani wa mtumba, naye ni maiti. Kwao umeme ni volti 100, kwetu 230. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado asubuhi moja nilimchomeka ukutani bila ya transfoma kwa sababu nilikuwa nazungumza na simu. Harufu ile mke wangu huikumbusha kila tukigombana, hata kama tunagombania chumvi.

Turudi kwa Mjerumani. Waya wake ulikuwa umekauka, ukiukunja unavunjika kama kaukau, nao ulikuwa na plagi ya mviringo ya kwao. Nikautoa wote, nikafunga mpya na plagi ya miguu mitatu, na waya wa ethi nikaukaza kwenye bati lenyewe. Chombo cha chuma, maji, umeme: hapo sina mzaha. Kisha nikawasha. Mota ikanguruma bila ya kuzunguka. Nikausukuma mkanda kidogo kwa kijiti cha mbao, ikaanza kwenda. Anayejua ameshajua: kapasita, kile kidude kinachoipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Nikatafuta ya pampu ya maji yenye kipimo kile kile, nikafunga.

Lililonishangaza ni hita. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa, na kila hita ninayoitoa hapa mjini huwa imevaa ukoko mweupe mgumu kama kaa la pwani. Naulaza kwenye siki usiku kucha na bado nabandua kwa kisu. Hita ya Mjerumani haikuwa na ukoko hata chembe. Miaka yote hiyo Unguja, na haijaonja maji ya Unguja.

Basi nikatoa ile sahani ya chini inayozungusha maji, ili nibadilishe sili. Mpira ulikuwa umepasuka kwa ukavu. Nikaupima, nikapata oili sili ya gari ya kipenyo kile kile. Na pale chini ya sahani, kwenye pembe ambazo mkono haufiki, nikakuta mchele. Punje kama konzi moja, za manjano kwa uzee, na maganda ya fukusi humo humo.

Nilicheka peke yangu. Kisha nikachukua tochi nikaangalia kuta za tangi. Michirizi ya kopo, midogo midogo, juu michache, na kadiri unavyoshuka inazidi, mpaka chini kabisa pamekwaruzika kweupe. Mchele unapokuwa mwingi unachota juu juu. Unapokaribia kwisha ndipo kopo linapokwaruza. Nyumba ile ilikuwa na watoto saba, shangazi aliwahi kuniambia.

Mimi nilikuwa nimemwonea huruma Mjerumani huyu kwa kulala bure miaka yote. Tena nilishaandaa msasa na rangi, nimfanye kama alivyotoka kiwandani, maana sisi wenye maradhi haya ya mashine kuukuu hatuna sifa kubwa kuliko "kama mpya". Sasa kiwandani alikaa siku ngapi? Nje nitampaka rangi, kutu ya bahari haisubiri. Ndani ya tangi sigusi. Najua wapo watakaosema nimeacha kazi nusu, na wao wana mashine zao.

Magharibi nikatia ndoo za maji, sabuni na foronya mbili. Akaenda. Ana sauti nzito, na kila muda kidogo anagonga mahali nisipopajua. Nikarekodi kwa simu, nikamtumia shangazi ampelekee bibi asikie.

Jibu limekuja baada ya Isha, sauti ya bibi mwenyewe, na nyuma yake shangazi anacheka.

"Ndiyo sauti yake hiyo? Mashallah. Mimi sijapata kuisikia. Marehemu alipoileta maji yalikuwa hayapandi huku juu, nani achukue ndoo ngazi zote zile akaimimine mashine? Nikatia mchele. Sasa mwanangu, nina neno. Pipa lako hili limenitia fukusi wiki ya tatu tu hii. Lile dude la Mjerumani halikunitia fukusi hata siku moja."

Maganda yale nilikuwa nimeyaweka kwenye kifuniko cha chupa, hapa mezani. Nikamjibu kwamba kesho nitampelekea pipa jengine.